Namna ya Kutengeneza Kalenda ya Mtaa: Matukio ya Mwaka na Kufungwa kwa Barabara Katikati ya Dar es Salaam

Anayeishi Kisutu, anayefanya biashara Kariakoo au anayeingia Posta kila asubuhi anajua kwamba barabara za katikati ya Dar es Salaam hazifungwi ovyo. Hufungwa kwa sababu ya sikukuu, msafara, maandamano, umati au mvua, na sehemu kubwa ya sababu hizo hurudi kila mwaka. Hata hivyo kila mwaka watu hunaswa palepale: fuso lenye mzigo linakwama Mtaa wa Msimbazi huku kondakta wake akigombana na wauza mitumba, na abiria wa boti ya Unguja anaburuta begi kwenye Barabara ya Sokoine akiwa amebakiwa na dakika chache za kuondoka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza kalenda ya mtaa wako, kuisoma, na kuitumia siku barabara inapofungwa. Sehemu ya mwisho inawahusu wale ambao wenyewe wanataka kufunga mtaa kwa shughuli.

Eneo linalozungumziwa ni kata za Kivukoni, Kisutu, Mchafukoge, Upanga Mashariki, Upanga Magharibi, Kariakoo, Gerezani na Jangwani. Zote zimo katika Wilaya ya Ilala, ambayo halmashauri yake ilipandishwa hadhi Februari 2021 na kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Jambo hili lina maana kwa msomaji, kwa kuwa barua za zamani zenye anwani ya Manispaa ya Ilala bado zinazunguka mitaani kama vielelezo, na anayezinakili hujikuta akiandikia ofisi ambayo haipo tena kwa jina hilo.

Hatua ya kwanza: jua ni nani anayeifunga barabara

Watu wengi huuliza barabara itafungwa lini. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni nani au nini kinachoifunga, kwa sababu jibu lake ndilo linalokueleza kufungwa kutachukua muda gani, kama kuna njia ya kupenya, na kama kuna mtu wa kumwomba ruhusa.

Msafara wa viongozi hufunga barabara kwa amri, na kwa kawaida kwa muda mfupi. Ikulu ya Magogoni, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere na Barabara ya Nyerere inayotoka uwanja wa ndege ndizo nguzo za misafara hiyo, na mitaa iliyo baina yake huathirika kwanza. Dalili zake hazifichiki kwa aliyezizoea: askari wa usalama barabarani wanasimama katika kila makutano, hata yale yenye taa, pikipiki moja au mbili zinatangulia, kisha magari, bajaji, bodaboda na hata waenda kwa miguu wanazuiwa kwa pamoja. Hapo hakuna mjadala, na dereva anayejaribu kujipenyeza huishia kupoteza muda mwingi kuliko aliyezima injini akasubiri. Msafara wa kiongozi mmoja hupita na barabara hufunguliwa. Mkutano wa marais wengi ni habari nyingine kabisa. Wakati wa mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika, tarehe 27 na 28 Januari 2025, baadhi ya barabara za katikati ya jiji zilifungwa na watumishi wa umma wakaelekezwa kufanyia kazi nyumbani. Tukio la namna hiyo halirudi kwa tarehe, lakini linapotangazwa lichukuliwe kuwa linakula siku nzima.

Maandamano na matembezi yana kichwa na mkia. Barabara iliyo mbele ya kichwa hufungwa mapema, na iliyo nyuma ya mkia huanza kufunguka kabla tukio halijaisha. Kwa sababu hiyo anayejua maandamano yanaanzia wapi na kuishia wapi anaweza kupita nyuma yake bila kusubiri hata robo saa, ilhali asiyejua huzunguka hadi akakutana nayo uso kwa uso upande wa pili.

Umati hufunga barabara bila tangazo la mtu yeyote. Hakuna askari aliyeweka kizuizi Mtaa wa Kongo siku chache kabla ya Idd. Watu, meza za wamachinga, mikokoteni na maguta ndivyo vilivyoujaza mtaa mpaka gari halina pa kupita. Kufungwa kwa aina hii ndiko kunakowaumiza zaidi wafanyabiashara, kwa kuwa hakuna ofisi ya kuuliza lini kutakwisha. Huisha watu wanapokwenda kulala.

Mwisho ni maji, ambayo hayaombi kibali, na yatazungumziwa peke yake.

Hatua ya pili: andika tarehe zisizohama, kisha zipunguze

Chukua karatasi kubwa moja, igawe miezi kumi na miwili, na uandike kwa kalamu ya wino tarehe za kitaifa: Mapinduzi 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba 7 Julai, Mashujaa 25 Julai, Nane Nane 8 Agosti, Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba, na Krismasi pamoja na siku inayoifuata. Ongeza Siku ya Wanawake, 8 Machi, ambayo kwa kawaida huwa na maandamano ya mkoa na wilaya.

Baada ya hapo fanya kazi ambayo wengi huiruka, yaani kupunguza. Tarehe kuwa ya sikukuu hakumaanishi kwamba tukio litafanyika katika mtaa wako, wala kwamba litafanyika kabisa. Sherehe za kitaifa huzunguka mikoani au hupelekwa Dodoma, na mwaka 2015 sherehe za Uhuru za 9 Desemba zilifutwa kwa amri ya Rais Magufuli na siku hiyo ikatumika kufanya usafi nchi nzima. Waliokuwa wamefunga maduka kwa kutarajia gwaride walikutana na mafagio. Kwa hiyo kila mwaka, karibu mwezi mmoja kabla ya tarehe husika, uliza sherehe ya kitaifa itafanyika mkoa gani na ya mkoa wa Dar es Salaam itafanyika uwanja gani. Jibu likiwa ni Mnazi Mmoja, viwanja vilivyo kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba, basi weka alama nyekundu, kwa kuwa hapo ndipo Posta na Kariakoo zinapokutana na kukwama kwake hukwamisha pande zote mbili. Jibu likiwa ni uwanja wa Temeke, barabara za katikati zitaguswa kwa saa za kwenda na kurudi tu.

Baadhi ya tarehe hizi huathiri mahali pasipotarajiwa. Mapinduzi husherehekewa Zanzibar, lakini uzito wake huonekana hapa kwenye gati ya boti za Unguja siku moja au mbili kabla. Saba Saba, kwa maana ya maonesho ya biashara yanayoanza mwishoni mwa Juni katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, haifungi mtaa wowote wa Kisutu. Hata hivyo hunyonya daladala na teksi kuelekea Temeke, na jioni foleni yake hurudi nyuma hadi Gerezani. Andika athari hizo pembeni kwa maneno machache, kwa sababu mwakani utakuwa umezisahau.

Mwenge wa Uhuru una ratiba yake. Huwashwa Aprili na kuzimwa 14 Oktoba, na katikati ya miezi hiyo hupita katika kila wilaya ya nchi. Siku ya Ilala hutangazwa na ofisi ya mkuu wa wilaya, pamoja na miradi utakakosimama. Miradi hiyo ndiyo ramani ya kufungwa kwa barabara siku hiyo, hivyo usiridhike na kujua tarehe pekee.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi. Maduka mengi hufunguliwa baada ya saa nne asubuhi na magari ya taka husimama palipo na marundo, jambo ambalo katika vichochoro vya Kariakoo hutosha kuziba njia. Halihitaji maelezo zaidi ya mstari mmoja kwenye kalenda, ila mzigo usipangwe kufika asubuhi hiyo.

Hatua ya tatu: andika kwa penseli tarehe zinazofuata mwezi

Hapa ndipo mtaa wa katikati ya jiji ulipo na utajiri wake, na ndipo kalenda zilizochapishwa zinaposaidia kidogo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo Ramadhani, Idd zote mbili, Ashura na Maulidi hurudi nyuma kila mwaka. Anayenakili tarehe za mwaka jana atakosea kwa zaidi ya wiki.

Anza na kumi la mwisho la Ramadhani. Kuanzia siku hizo Kariakoo huuza nguo za watoto, viatu, mapazia na vyombo mpaka usiku, na mitaa ya Kongo, Mchikichi na Msimbazi huwa ya waenda kwa miguu bila mtu kuitangaza hivyo. Panga mzigo wa duka ufike kabla ya kumi hilo kuanza, au uteremshwe kati ya saa nane usiku na alfajiri. Tangu mwaka 2025, Kariakoo ilipozinduliwa kuwa eneo la biashara ya saa 24, kuteremsha mzigo usiku kumekuwa kwepesi kidogo kuliko zamani, ingawa makuli wa usiku hutoza zaidi na inafaa mkubaliane bei kabla mlango wa gari haujafunguliwa.

Siku ya Idd yenyewe hutegemea mwandamo wa mwezi, na Mufti hutangaza usiku. Wapo pia Waislamu wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, kwa hiyo swala ya Idd inaweza kusaliwa kwa siku mbili tofauti katika misikiti tofauti ya jiji hilihili. Acha nafasi ya siku mbili kwa penseli, na hesabu kwamba mitaa inayozunguka misikiti mikubwa itatandikwa mikeka tangu alfajiri hadi baada ya hotuba. Wenye magari yaliyolala mtaani wayatoe usiku uliotangulia. Kulitoa gari katikati ya safu za wanaoswali haliwezekani, na kupiga honi hapo ni kutafuta ugomvi wa mwaka mzima na majirani. Hali hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, hutokea kila Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana karibu na misikiti ya Kariakoo kama Mtoro na Manyema, na mgeni wa mtaa ajulishwe mapema.

Siku ya Ashura, tarehe kumi ya Mfunguo Nne, jamii ya Shia huwa na maandamano ya maombolezo katika mitaa ya mjini kati. Hupangwa vizuri, huwa na vijana wao wa kuongoza watu na askari wa kusimamia makutano, na ni mfano mwema wa tukio linaloanza na kumalizika kwa utaratibu. Maulidi huwa na zafa, yaani maandamano ya kusherehekea, ambayo huenda polepole zaidi kwa sababu ya dufu, kaswida na watoto wa madrasa, hivyo iongezewe muda. Upande wa Wahindu, mahekalu ya Mtaa wa Kisutu huwa na shughuli za Navaratri na Diwali, kati ya Septemba na Novemba. Barabara mara nyingi haifungwi rasmi, ila magari huegeshwa mistari miwili na kinachobaki hakimtoshi mtu mwenye haraka.

Pasaka nayo huhama. Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu huleta maandamano mafupi karibu na makanisa, na kwa Mtakatifu Yosefu na Azania Front ufupi huo haupunguzi athari, kwa sababu makanisa yote mawili yapo upande wa Barabara ya Sokoine na Kivukoni, njia ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, na ya abiria wa boti.

Kuna na mwezi wa mpira. Kwa kawaida Agosti ni wakati wa Simba na Yanga kutambulisha vikosi vyao, na ubingwa unapopatikana kunakuwa na paredi. Mechi na matamasha hufanyika uwanja wa Temeke, lakini makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, Mtaa wa Twiga, kwa hiyo mashabiki huanzia na kumalizia Kariakoo. Mtaa wa Msimbazi ukijaa, mabasi ya mwendokasi ya kwenda Gerezani hukwama nao, maana njia yao inapita hapohapo mbele ya kituo cha polisi. Tarehe hizi hujulikana wiki chache kabla. Matokeo ya mechi ndiyo yanayoamua kelele itakwisha saa ngapi.

Hatua ya nne: ipe mvua ukurasa wake

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Katika misimu hiyo Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, Mto Msimbazi unapofurika na kulijaza bonde. Huku ndiko kufungwa kunakojirudia kuliko kwingine kote katika orodha hii, na kwa kuwa mwendokasi kutoka Kimara unapita bonde hilohilo, maelfu ya watu hukosa njia kwa wakati mmoja. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi umejumuisha daraja jipya la juu pale Jangwani. Mpaka litakapotumika, kila mwenye shughuli mjini anapaswa kuwa na njia mbadala kichwani.

Kwa anayetoka Ubungo na Kimara, ziko mbili zinazofaa. Ya kwanza ni Barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge, kisha Bagamoyo na Ali Hassan Mwinyi, na kuingia mjini kwa Selander au Daraja la Tanzanite. Ya pili ni Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha Uhuru au Nyerere. Zote ni ndefu. Njia za mkato za Kigogo na Mkwajuni zinavutia kwenye ramani ya simu, lakini nazo zinavuka mabonde yanayojaa maji mvua ileile inaponyesha, na simu haioni kina cha maji. Usivuke maji yanayotembea, hata kama gari lililokutangulia limevuka.

Katika kalenda, weka rangi ya buluu kwenye miezi yote ya masika badala ya tarehe moja moja, na kila siku ya mvua kubwa usiku uliza hali ya Jangwani kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Hatua ya tano: chora mtaa wako

Kalenda bila ramani haifanyi kazi. Chora kwa mkono mtaa wako na mitaa inayoukata, kisha weka alama kwenye mambo haya: makutano ambayo askari huweka kizuizi, mahali ambapo mwendokasi unapita na huwezi kukata kuvuka, kichochoro kinachopitisha mkokoteni hata barabara ikifungwa, na mahali gari la zimamoto linaweza kufika karibu zaidi. Kwa wakazi wa Upanga ongeza lango la Muhimbili linalofikika bila kupita Barabara ya Umoja wa Mataifa. Kwa walio upande wa bahari, weka alama ya njia ya kwenda Aga Khan na Ocean Road, hospitali ambazo ziko kwenye Barabara ya Barack Obama au jirani nayo, yaani kwenye njia ambayo misafara ya Ikulu huipenda.

Ramani hii isichorwe na mtu mmoja akiwa ofisini. Mkalishe muuza kahawa wa kijiweni, kuli mmoja na dereva wa bajaji, uwaulize barabara kubwa ikifungwa wao hupita wapi. Majibu yao huwa sahihi kuliko ya mwenye nyumba anayeendesha gari lenye vioo vya giza.

Hatua ya sita: pata taarifa na uisome vizuri

Taarifa za kufungwa kwa barabara hutolewa na Jeshi la Polisi Kanda Maalum ya Dar es Salaam, ofisi ya mkuu wa mkoa na ya mkuu wa wilaya. TANROADS hutangaza ujenzi na michepuko ya barabara kuu, TARURA ya mitaa, na wenye mwendokasi husema mabasi yatakapogeuzia. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa hupata habari hizo mapema kidogo, na kundi la simu la mtaa lenye mtendaji ndani yake ni bora kuliko lile lisilo naye.

Tangazo linapofika, tafuta mambo manne: barabara zilizotajwa kwa majina, kutoka makutano gani hadi gani, saa ya kuanza na ya kumaliza, na njia mbadala. Kuwa mwangalifu na saa. Matangazo mengine huandika saa 12 asubuhi na mengine 06:00, na msomaji anayeharakisha huelewa 06:00 kuwa saa sita mchana, akafika kazini barabara ikiwa imeshafungwa muda mrefu. Geuza saa zote ziwe za Kiswahili kabla ya kulisambaza tangazo mtaani. Picha ya tangazo isiyo na tarehe ya mwaka isisambazwe kabisa, kwani matangazo ya miaka iliyopita hufufuka kila sikukuu.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Wagonjwa hutangulia. Mtu mwenye miadi ya mionzi Ocean Road, kliniki ya Muhimbili au anayekaribia kujifungua apelekwe kabla ya saa ya kufunga, na ikibidi alale kwa ndugu wa upande ule. Ikitokea dharura barabara imeshafungwa, nenda moja kwa moja kwa askari aliye kwenye kizuizi ukiwa na kadi ya hospitali mkononi, umweleze kwa ufupi. Kwa kawaida hufungua njia. Moto hupigiwa 114 na polisi 112, na anayepiga ataje ni upande gani wa barabara iliyofungwa gari liingilie, maana hapo ndipo ile ramani ya mkono inapookoa dakika.

Abiria wa boti za Unguja na wa treni ya SGR wasitegemee teksi kuwafikisha mlangoni. Washuke mapema palipo wazi na wamalizie kwa miguu. Kutoka Posta ya Zamani hadi gati ya boti ni mwendo mfupi, na mwenye mizigo atawakuta wabebaji wenye matoroli. Anayekwenda Kigamboni na kuona kuwa njia ya kivuko cha Magogoni imezuiwa azungukie Daraja la Nyerere, Kurasini, akiwa na fedha ya tozo.

Mwenye duka aamue mapema kama anafungua au la. Kuna matukio yanayoleta wateja na yanayowafukuza, na tofauti yake si vigumu kuiona: umati unaotembea taratibu hununua maji, soda, kofia na bendera, ilhali msafara na mvua haviachi kitu. Vitu vya mlangoni viingizwe ndani hadi maandamano yapite, si kwa kuogopa wizi tu, bali kwa sababu meza ya barazani humsukuma mtu barabarani, na barabarani hakuna nafasi. Wafanyakazi wanaotoka Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara waambiwe jana yake waje saa ngapi. Kumkata mtu ujira kwa kuchelewa siku ambayo tajiri mwenyewe alijua barabara itafungwa ni uonevu.

Hatua ya nane: ikiwa ni wewe unayetaka kufunga mtaa

Harusi, maulidi ya mtaa, futari ya pamoja, tamasha la vijana na mbio za hisani vyote huhitaji barabara, na mitaa ya mjini haina viwanja. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani, hasa wale ambao geti lao litazibwa. Kisha andika barua kwa mtendaji wa kata ukitaja siku, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu unaowatarajia, kipande cha mtaa kinachohitajika, na jina la mtu mmoja atakayewajibika. Kwa mkusanyiko au maandamano ya hadhara, sheria ya Jeshi la Polisi, sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi imfikie mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa busara peleka wiki mbili kabla, kwa kuwa ukiombwa kubadilisha njia utahitaji muda wa kuwajulisha watu wako. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA na barabara kuu chini ya TANROADS; usiombe barabara kuu kama mtaa wa nyuma unatosha, na njia ya mwendokasi usiiguse.

Msiba hauna saa 48, na hakuna mtendaji mwenye utu atakayemdai mfiwa barua. Hata hivyo mtu mmoja wa familia amjulishe mwenyekiti kwa simu, na turubai lifungwe upande mmoja wa mtaa pale inapowezekana. Turubai ndilo linaloharibu mitaa yetu kimyakimya: mafundi hupigilia nondo kwenye lami, shughuli ikiisha wanazing'oa, na matundu yaliyobaki hunywa maji ya masika hadi yanakuwa mashimo. Dai turubai la kufungwa kwenye madumu ya maji au mifuko ya mchanga. Ni jambo la kukubaliana na mwenye turubai siku ya kulipa kianzio. Fundi akishafika na nyundo yake umechelewa.

Acha nafasi ya gari la zimamoto kupita, na viti vinavyoweza kuondolewa haraka viwekwe upande huo. Waya wa umeme usivushwe juu ya lami bila kufunikwa. Spika zielekezwe ndani ya shughuli, zisielekezwe kwenye madirisha ya ghorofa, na saa ya kuzima iliyoandikwa kwenye kibali iheshimiwe hata kama mshereheshaji bado ana maneno. Panga choo na watu wa usafi kabla ya kupanga muziki.

Hatua ya tisa: kufungua na kuandika

Barabara ifunguliwe na yule aliyeifunga. Kwa tukio la mtaa, mwandaaji azunguke na mtendaji kuhakikisha koni, kamba, mawe na mabaki ya turubai vimeondolewa, kwa kuwa jiwe lililoachwa katikati ya mtaa usiku ni ajali ya bodaboda. Kisha, siku hiyohiyo kabla ya kulala, chukua ile karatasi kubwa na uandike saa ambayo barabara ilifungwa kweli, saa iliyofunguliwa kweli, makutano yaliyozibwa ambayo tangazo halikuyataja, na njia iliyopitika. Tarehe za wino zitabaki zilipo. Za penseli zifutwe na kuandikwa upya kwa kufuata mwaka mpya wa kalenda, mwezi Desemba, kabla pilikapilika za sikukuu hazijaanza Kariakoo.